Nimeapa nisishike karata, na mama mkwe ananiita mkekani

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 34, naishi Tanga mjini nyumbani kwa wakwe zangu. Kwetu ni Kondoa. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu niolewe, na katika miaka yote hiyo mama mkwe hajawahi kuninunia. Sasa tunasalimiana tu, na kosa ni langu.

Nyumba hii ina mchezo wao. Watu wakishasali Isha, mkeka unatandikwa barazani, dele la kahawa linaletwa, wanacheza wahedi wa sitini. Wanne, wawili kwa wawili, kila mtu anatazamana na mwenzake. Baba mkwe na mama mkwe walikuwa upande mmoja, mume wangu na shemeji yangu upande wa pili. Hakuna pesa inayowekwa. Waliofungwa hununua kashata za kesho, basi. Mimi nimekaa pembeni ya mkeka ule miaka yote nikichambua mchele au nikinyonyesha, wao wakigombana kwa raha zao juu ya nani kaila saba ya nani. Nikiitwa nilikuwa nasema sina akili ya karata. Wanacheka, yanaisha.

Baba mkwe alifariki mwaka jana. Mama mkwe alipokuwa eda karata hazikuguswa. Eda ilipokwisha shemeji akatandika mkeka, wakajaribu kucheza watatu kwa kuondoa ile mbili ya pau ili karata zigawike sawa. Haikunoga. Usiku wa pili mama mkwe akaziweka karata zake chini, akasema, "Watatu hawana wahedi wa sitini." Halafu akanigeukia. "Mama Nuru, njoo ukae hapa mbele yangu." Nikamwambia sijui. Akasema, "Utajifunza. Mbona Nuru kajifunza kwa wiki moja?"

Nuru ni binti yangu mkubwa, ana miaka tisa. Kweli bibi yake amemfundisha. Anazitaja kopa, uru, shupaza na pau kama anavyotaja majina ya wenzake darasani, na akiziona karata zilizoliwa anazijumlisha upesi kuliko mimi.

Somo, akili ninayo. Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Siku ya mshahara hakufika nyumbani, alipitia gengeni walikokuwa wakicheza karata kwa pesa. Nilikuwa na miaka kumi na mbili alipokuja mtu na mkokoteni akaichukua cherehani ya mama, kwa deni la baba. Mama alikuwa na nguo za watu za sikukuu, zimekatwa, hazijashonwa. Hakusema kitu. Alikusanya vitambaa akavifunga kwenye kanga, akaenda kuvirudisha nyumba moja baada ya nyingine. Usiku ule nilimshika mkono nikamwapia kwa Mwenyezi Mungu kwamba maisha yangu yote sitashika karata. Mpaka leo nikisikia karata zinachanganywa, ule mlio wake, tumbo langu linakaza.

Haya sijamwambia mtu wa nyumba hii. Mume wangu anajua baba alikuwa mgumu, hajui kwa nini.

Mwezi uliopita Nuru akaniuliza, "Mama, mbona wewe huchezi na sisi?" Nilikuwa jikoni, nimechoka, nikamjibu, "Karata ni mchezo wa wahuni." Mtoto akaenda akamuuliza bibi yake kama babu alikuwa mhuni.

Mama mkwe hakunifuata. Usiku ule karata zilifungwa kwenye kitambaa zikawekwa juu ya kabati, na mkeka haujatandikwa tangu hapo. Shemeji anakwenda kunywa kahawa kijiweni. Mume wangu ananiuliza nimewadharau nini watu wa kwao.

Na mama yangu mzazi anakuja kututembelea mwezi ujao, atakaa wiki tatu. Nikijifunza mchezo huu, atanikuta mkekani. Nisipojifunza, nimemkatalia mjane nafasi ya mumewe. Nifanye nini?

Mama Nuru, Tanga

Marahaba, Mama Nuru, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilisimama pale kwenye mkokoteni. Mtoto wa miaka kumi na mbili aliona chombo cha riziki ya mama yake kinatolewa mlangoni, na akatafuta kitu cha kumpa mama. Alichokuwa nacho ni neno lake tu, akalitoa. Ninaposema nawe hapa namwona na yule mtoto, na sitaki kumdharau hata kidogo.

Kama nimekuelewa, umefungwa na mambo matatu kwa pamoja. Uliapa. Ukatamka neno lililomgusa marehemu. Na kuna nafasi mkekani unayoitiwa nawe hujui kama unaiweza. Unayaona kama jambo moja, ndiyo maana unauliza ujifunze au usijifunze. Mimi nadhani tuyafungue moja moja, maana hata ukijifunza kucheza vizuri kuliko wote, lile neno bado litabaki pale lilipo. Na hata usipoigusa karata kamwe, bado unaweza kupatana na mama mkwe wako.

Nianze na neno. Barua yako inaonyesha unadhani mama mkwe amekununia. Huenda. Lakini sasa jiweke kwake. Amezika mume, ametoka eda, amejaribu kurudisha jambo moja walilokuwa wakilifanya pamoja kila usiku, halafu mjukuu anamuuliza kama babu alikuwa mhuni. Akazifunga karata kwenye kitambaa. Aliyekasirika angezitupa, au angekuita mbele ya watu. Huyu alizifunga kama zinavyofungwa vitu vya marehemu. Inawezekana moyoni anajiuliza kama mkwe wake amekaa pembeni ya mkeka miaka kumi na moja akiwaona wote wahuni. Sijui, nawe hujui, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Lakini kumfuata mtu mwenye hasira ni tofauti na kumfuata mtu aliyeumia, na ningependa ulifikirie hilo kabla hujaingia chumbani kwake.

Kiapo sasa. Nilirudi kwenye barua yako kutafuta ni wapi mama yako alikuomba uape. Sikupaona. Umeandika kwamba hakusema kitu. Wewe ndiye uliyemshika mkono. Kwa miaka ishirini na mbili umekibeba kama agizo lake, na huenda yeye alikipokea kama machozi ya mtoto akakulaza. Au huenda nacho kimemtuliza miaka yote hii. Anayelijua hilo ni yeye, na anakuja mwezi ujao, wiki tatu nzima.

Kwa upande wa dini mimi si mwanachuoni, na hili uende nalo kwa sheikh unayemwamini. Ninachoweza kukwambia ni kile ambacho kila msomaji wa Qur'ani atakiona. Katika Suratul Maida, Aya ya 89 inataja kafara ya kiapo: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Aya inayofuata, ya 90, ndiyo inayokataza ulevi na kamari. Mambo yako mawili yamekaa jirani, aya kwa aya. Ukienda kwa sheikh, mweleze kila kitu, pamoja na umri uliokuwa nao na kama ulikuwa umebaleghe, maana atakuuliza. Mwulize pia kuhusu karata zisizo na dau, kwa sababu wanazuoni wanatofautiana, wapo wanaoziruhusu kwa masharti na wapo wanaozikataa.

Na usimfiche zile kashata. Wewe umezitaja kwa haraka, "basi". Kwa wakwe zako ni utani wa nyumbani, wala simlaumu mtu. Lakini anayefungwa analipa na anayeshinda anakula, na wewe uliyekulia nyumba ile una haki ya kuogopa hata kipande cha kashata. Kama ndicho kinachokukaza tumbo, unaweza kuomba kiondolewe, kashata zinunuliwe kwa zamu, afungwe nani afunge nani. Sidhani kama mchezo utapungua ladha. Ila uombe ukiwa umeeleza sababu, la sivyo itaonekana umerudia lile neno kwa njia nyingine.

Nije kwenye mchezo wenyewe. Umeuandikia maneno machache sana kwa mtu aliyeutazama miaka kumi na moja, na nadhani hujawahi kuuangalia kwa macho ya leo. Unaona genge.

Jina lake ni Kiarabu cha sitini na moja. Karata ni arobaini, maana nane, tisa na kumi huondolewa. Ree, ile yenye alama ya A, ina pointi kumi na moja. Saba ina kumi. Kisha wazungu, zile karata zenye sura: kingi ndiye mzungu wa nne, jeki mzungu wa tatu, kwini mzungu wa pili. Watu wengi hawajui kwamba hesabu imo ndani ya jina. Mzungu wa nne ana pointi nne, wa tatu tatu, wa pili mbili. Kuanzia sita kushuka mpaka mbili ni magarasa, hayana kitu. Jumlisha sasa: kila aina, iwe kopa, uru, shupaza au pau, ina thelathini, aina nne ni mia na ishirini. Nusu ni sitini, na anayepata moja zaidi ameshinda. Ndiyo maana mama mkwe wako alisema watatu hawana wahedi wa sitini. Kwa pande tatu ile moja inayozidi nusu haina kazi. Mchezo huu umekatwa kwa pande mbili tangu jina lake, na yeye alikuwa anakwambia ukweli wa hesabu na ukweli wa maisha yake kwa sentensi moja.

Anayejifunza hujikwaa mahali pale pale. Saba inamla mzungu wa nne, na wageni huitupa kama garasa wakiona ni namba ndogo. Jeki anamla kwini, hata kama kwingine ulizoea kinyume. Na turufu, ile aina inayotawala mchezo huo, hata ikiwa mbili tu, inaikata ree ya aina nyingine. Turufu zote ni kumi. Ukizihesabu zikitoka, tayari unacheza kuliko wengi wanaopiga kelele barazani. Kila nyumba ina vikanuni vyake vya kugawa na kufuata, hivyo utaviuliza hapo hapo. Wiki moja inatosha, kama alivyosema bibi. Kinachokuchelewesha kiko tumboni, nacho hakina kanuni za kukariri.

Na kama unajiona mgeni wa bara kwenye mkeka wa pwani, jua kwamba karata nazo zilikuja hapa zikiwa ngeni. Maneno karata, turufu, kopa, uru, shupaza na pau yote yametoka kwa Wareno, ambao Ngome ya Yesu pale Mombasa iliwatoka mikononi mwaka 1698. Watu wa pwani wakazipokea, wakauita mchezo kwa Kiarabu, wakazipa zile zenye sura majina ya wazungu wa pili, wa tatu na wa nne. Leo ni mchezo wa bibi na mjukuu.

Basi una njia zipi? Nazitazama nawe, sikuchagulii.

Unaweza kukaa pale mbele ya mama mkwe, baada ya kuongea na sheikh pamoja na mama yako. Ukifanya hivyo, usikae kimya kimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Omba usiku wa kwanza karata zichezwe wazi, zote zikiwa zimelala chali mkekani, ili ufundishwe bila kuaibika. Hatari yake ni kwamba unaweza kukaa pale kwa kujilazimisha, mwili unakataa, na mwenzako anakutazama usoni kila karata. Katika mchezo wa wawili kwa wawili uso ndio unaosomwa kwanza. Mama mkwe ataona. Na kama hajui sababu, atadhani unamvumilia tu.

Unaweza kumwachia Nuru nafasi ile, wewe ukae nyuma yake. Mtoto anaweza, na bibi atafurahi. Ila Nuru ana miaka tisa na ana shule asubuhi, na sipendi mtoto apewe kazi ya kujaza pengo la babu yake kila usiku. Zaidi ya hayo, wewe utakuwa umerudi pembeni ya mkeka, na mchele wako.

Ipo njia ya katikati ambayo sijui kama imewahi kukupitia. Kukaa mkekani ukiwa mwandishi. Daftari na kalamu, kila mchezo unaandika nani kapata ngapi, bila kuishika karata hata moja, basi kiapo chako kinabaki kama kilivyo mpaka utakapojua la kufanya nacho. Si nafasi ya baba mkwe, lakini ni kuwa ndani ya duara. Shida yake ni kwamba mtu wa nne bado hajapatikana, labda jirani au wifi, na mama mkwe alikuita wewe.

Au unaweza kukataa kabisa, na ukataaji wako ukawa wa heshima. Hakuna aliyekuandikia kwamba mapenzi kwa mama mkwe lazima yapite kwenye karata. Kuna kahawa, kuna kukaa naye baada ya Magharibi, kuna kumsikiliza akisimulia habari za marehemu. Kataa ukiwa umemweleza, na hapo ataujua moyo wako. Ukikataa kwa kusema "sina akili ya karata" tena, baada ya lile neno, hatakuamini, na mimi simlaumu.

Utaona kila njia inapita mlango mmoja, nao ni kusema habari ya cherehani. Kwa nani kwanza? Mume wako ananiuma kidogo kwenye barua hii. Anakuuliza umewadharau nini watu wa kwao, maana hana kingine cha kufikiri. Mwambie usiku, mkiwa wawili. Usimtake akusaidie wala akutetee, ajue tu. Miaka kumi na moja ni mingi kulala na mtu asiyejua ulichoapa.

Mama mkwe ningependa umfuate mwenyewe, bila mume, bila Nuru. Usianze na baba yako, maana itakuwa kama unatoa udhuru kabla ya kosa. Anza na neno ulilolisema jikoni. Mwombe radhi kwa ajili ya marehemu, kwa jina lake, kama mlivyokuwa mkimwita. Halafu, akikukaribisha ukae, ndipo umsimulie ule mkokoteni na vitambaa vilivyofungwa kwenye kanga. Anaweza kulia, anaweza kunyamaza, anaweza kukwambia hata kwao kulikuwa na mtu wa aina hiyo. Kubali lolote litakalokuja. Usimwahidi kucheza siku hiyo. Ukiahidi ukiwa na machozi utakuwa umeapa tena, na umeshaona kiapo cha machozi kinavyodumu.

Na Nuru ana haki ya kusikia kutoka kwako kwamba babu yake hakuwa mhuni. Maneno mawili yanamtosha. Habari ya babu yake mwingine inaweza kungoja mpaka awe mkubwa kidogo, wewe ndiye utakayepima.

Kuhusu mama yako, unaogopa atakukuta mkekani. Mimi ningependa ajue kabla hajapanda basi. Mpigie simu, mwulize kama anakumbuka usiku ule. Mwulize alichokichukia ni karatasi zile au ni deni lile. Huenda akakwambia ushike ahadi yako, na hapo utakuwa na jibu zito la kumpelekea mama mkwe, naye ni mama, atalielewa. Huenda akakwambia alishakusamehe zamani, na kwamba yeye mwenyewe ameisahau. Na huenda akanyamaza tena kama alivyonyamaza siku ile, na ukabaki na uamuzi wako. Hilo nalo jiandae nalo.

Akija, wazee hawa wawili watakuwa nyumba moja wiki tatu. Mmoja amepoteza mume aliyekuwa akimtazama kila usiku mkekani. Mwingine alikuwa na mume ambaye usiku hakuwa nyumbani. Sijui wataongea nini wakiachwa barazani na dele la kahawa. Waachie muda huo, uende jikoni, usikimbilie kuwaamua.

Niandikie sheikh akishakujibu, na uniambie mama yako alisema nini kwenye simu.

Wako,
Somo